Mpira Ukae Wapi Unapopiga Fimbo za Chuma

Kwa karibu miaka miwili ya kucheza gofu, fimbo ya chuma namba 7 ilininyima raha. Pigo hili nachimba ardhi kabla ya kuufikia mpira, fimbo inanasa kwenye udongo na mpira unafika nusu ya safari. Pigo linalofuata naugonga mpira utosini, unatambaa juu ya nyasi mpaka unapita grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Nilidhani hayo ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake. Siku za kuchimba nilijitahidi kuinua mikono; siku za kugonga utosi nilijitahidi kubaki chini. Kila dawa ilizidisha ugonjwa wa pili.

Mwalimu aliyenisaidia hakugusa mikono yangu hata kidogo. Aliniambia nisimame kama kawaida yangu, nisisogee, kisha akalaza kijiti kutoka kwenye mpira mpaka miguuni pangu. Kijiti kikaja kuishia usawa wa kisigino cha mguu wa mbele. Mimi ningeweza kula kiapo kwamba mpira ulikuwa katikati ya miguu.

(Ninaposema mguu wa mbele nina maana ule ulio upande wa shabaha. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia ni mguu wa kushoto, kwa wa shoto ni wa kulia.)

Ili uone kwa nini kijiti kile kilieleza kila kitu, fikiria kichwa cha fimbo kinavyosafiri. Kinashuka, kinafika mahali pa chini kabisa, kisha kinaanza kupanda. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, hupigwa mpira ukiwa umeinuliwa juu ya tii, yaani kipini kinachochomekwa ardhini, ndiyo maana tunauweka mbele, usawa wa ndani wa kisigino cha mbele, ili fimbo iukute ikiwa imeanza kupanda. Fimbo ya chuma ni habari nyingine. Mpira umekaa juu ya nyasi, kwa hiyo fimbo inatakiwa iukute ikiwa bado inashuka, iupige kwanza, ndipo iguse ardhi. Kwa wachezaji wazuri sehemu ya chini kabisa ya mzunguko huwa kama sentimita 10 mbele ya mpira. Nyasi wanazong'oa ziko upande wa shabaha.

Sasa weka mpira mbele kupita kiasi, kama nilivyokuwa nafanya. Fimbo inamaliza kushuka kabla haijaufikia. Ama itachimba pale, ama itakwepa udongo na kuukuta mpira ikiwa inapanda, yaani inaugonga utosini. Magonjwa yangu mawili yalikuwa mapacha wa mama mmoja. Tena kuna la tatu: ili kuufikia mpira ulio mbali mbele, mabega yanafunguka na kuelekea kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, fimbo inakata kutoka nje kuja ndani, na mpira unaanza safari kushoto au unapinda kwenda kulia.

Kuurudisha nyuma mno nako si salama. Shina la fimbo linalala mbele, uso wake unapoteza mlalo unaoinua mpira, na namba 7 inaruka chini kama namba 5 (namba ikipungua, fimbo ni ndefu zaidi na uso wake umesimama zaidi). Kovu kwenye nyasi linakuwa refu kwenda chini, na mpira mara nyingi unaondokea kulia kwa sababu fimbo imeukuta kabla haijaanza kurudi ndani.

Lakini swali lililonisumbua zaidi lilikuwa hili: kwa nini macho yangu yalinidanganya kwa miaka miwili? Jibu liko kwenye vidole vya miguu. Wengi wetu tunafungua mguu wa mbele, vidole vikatazama kidogo upande wa shabaha, na ni jambo zuri kwa sababu kiuno kinazunguka kwa wepesi zaidi baada ya pigo. Mguu wa nyuma tunauacha umenyooka. Kisha tunatazama chini, na kinachoonekana vizuri kutoka juu ni vidole, si visigino. Piga hesabu: unyayo wa sentimita 28 ukifunguliwa kama nyuzi 25, vidole vinasogea karibu sentimita 12 kuelekea shabaha wakati kisigino hakijatoka mahali pake. Katikati ya vidole imehama sentimita 6. Mpira wa gofu wenyewe una kipenyo cha sentimita 4.3 hivi. Kwa hiyo ukiuweka mpira katikati ya vidole, umeuweka mbele ya katikati halisi kwa zaidi ya mpira mzima, na macho yanakuhakikishia kwamba umepatia.

Tangu siku ile napima kwa visigino tu. Nasimama miguu ikiwa pamoja, imenyooka, mpira ukiwa usawa wa pale visigino vinapogusana. Kama nimeshika weji, ile fimbo fupi ya mapigo ya karibu, au namba 9, nasogeza mguu wa mbele kidogo kuelekea shabaha na mguu wa nyuma kiasi kilekile. Mpira umebaki katikati. Namba 7 au 6, hatua ya mbele inakuwa fupi kidogo kuliko ya nyuma, na mpira unakaa kama upana wa mpira mmoja mbele ya katikati. Namba 5 na 4, mguu wa mbele unasogea kidogo tu na wa nyuma unakwenda mbali, mpira ukafika kama mipira miwili mbele. Hapo ndipo mwisho wa fimbo za chuma. Nikishamaliza kupima, ndipo nafungua vidole vya mguu wa mbele, nikizungukia kisigino bila kukiinua. Mpangilio huu ndio wenye thamani: pima kwanza, fungua baadaye.

Utasikia wengine wakisema mpira usihamishwe kabisa. Ben Hogan, bingwa wa gofu wa zamani, alifundisha hivyo, na Jack Nicklaus, mshindi wa mashindano makubwa 18, aliuweka mpira karibu na usawa wa kisigino cha mbele kwa karibu kila pigo la kawaida, akibadilisha upana wa miguu tu. Siwapingi. Ila watu wale walikuwa na miguu inayosukuma mwili mbele kwa nguvu wakati wa kushuka, kiasi kwamba sehemu ya chini ya mzunguko ilihamia mbele pamoja nao. Mchezaji anayepata nafasi ya kucheza mara moja kwa wiki, na ambaye uzito wake hubaki nyuma anapochoka, akiiga sehemu ile ya mpira bila kuwa na mwendo ule, atachimba. Nilijaribu, nikachimba.

Upana wa miguu usikuchukulie muda mwingi. Namba 7, visigino viwe mbali kama mabega yako. Weji, punguza kidogo. Namba 4, ongeza kidogo. Ukitanua sana kiuno kinafungwa, ukibana sana unayumba.

Umbali kati yako na mpira unahitaji uangalifu zaidi, maana nao unahamisha mgusano. Inama kutokea kwenye nyonga, si kwa kukunja mgongo, magoti yalegee kidogo, kisha acha mikono ining'inie yenyewe kutoka mabegani. Pale inapoishia kuning'inia ndipo pa kushikia fimbo. Kati ya mwisho wa mpini na mapaja paweze kupita ngumi, au kiganja kilichofunguliwa kwa fimbo ndefu. Uzito usikie katikati ya nyayo, pale kamba za viatu zinapofungwa. Ukiusikia vidoleni umesimama mbali mno. Ukiusikia visiginoni umekaribia mno. Na kati ya mguu na mguu ugawe sawasawa. Kwa weji ninazidisha kidogo upande wa mbele, na sirudi nao nyuma.

Jaribio ninaloliamini kuliko lolote halihitaji mwalimu. Chora mstari wa chaki kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi, kutoka kwako kwenda mbele yako, ukikata njia ya mpira. Simama mstari ukiwa pale mpira ungekuwa, halafu piga bila mpira. Kovu lianze kwenye mstari au mbele yake. Piga mara kumi ukisogea hatua moja kila mara, kisha rudi nyuma uangalie makovu yote kwa pamoja. Pigo moja lisikutie hofu, angalia wingi. Yakianzia nyuma ya mstari, usibadilishe swingi, yaani mwendo wako wa kupiga, kwanza. Laza kijiti, pima visigino. Mimi nikifanya hivyo, mara nyingi nakuta mpira umeanza tena kunyemelea mbele bila mimi kujua. Tabia hii haiponi moja kwa moja, inarudi hasa wiki ambazo nimepiga draiva nyingi.

Kwenye mteremko kipimo kinabadilika kidogo. Mpira usogee upande wa mguu ulio juu: unapopiga kupanda mlima, mbele kidogo, unapopiga kushuka, nyuma kidogo, na mabega yafuate mlalo wa ardhi. Nusu ya upana wa mpira inatosha, mlima ukiwa mkali ongeza. Piga pigo moja la majaribio pembeni uone fimbo inagusa wapi.

Jambo la mwisho ni kwa wanaoanza kushindana. Vijiti ni vya uwanja wa mazoezi. Kanuni za Gofu hazimruhusu mchezaji kusimama kwa ajili ya pigo akiongozwa na kitu kilicholazwa chini kumwonyesha pa kulenga au pa kuweka miguu, na ukishasimama nacho, hata ukirudi nyuma ukakiondoa adhabu haifutiki. Kwenye mchezo wa kuhesabu mapigo ni mapigo 2. Hii inajumuisha fimbo yako mwenyewe. Ndiyo sababu nimejizoeza ule mwanzo wa miguu pamoja mpaka umekuwa sehemu ya pigo langu. Unachukua sekunde tatu, hakuna anayeuona, na mpira unakuwa mahali pake kabla sijainua macho kutazama shabaha.