Barua kwa mwanangu: miguu niliyoiona Colmar

Mwanangu mpendwa,

Nimefika salama nyumbani, na uvimbe wa safari umepungua. Umeniuliza, "Mama, picha ile ya Yesu msalabani unayo kwenye simu miaka yote. Kwa nini tulipanda treni kutoka Strasbourg mpaka Colmar, kule Ufaransa, ukasimama mbele ya picha yenyewe kwa muda wa saa mbili, hata chakula ukakataa?" Siku ile koo lilinikaba. Leo naweza kukujibu.

Kwenye simu picha ile haizidi kiganja changu. Pale Makumbusho ya Unterlinden, ambako picha hiyo ya altare iliyochorwa kwenye mbao imewekwa, sehemu ya kusulubiwa peke yake ina kimo cha karibu mita 2.7 na upana wa mita 3. Mchoraji Mjerumani Grünewald aliichora kati ya 1512 na 1516, tena hakuwachorea watalii. Aliwachorea watawa wa Mtakatifu Antoni kule Isenheim, waliokuwa wakiuguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Chanzo chake ni kuvu inayoota kwenye rai, nafaka inayofanana na ngano. Mtu akila mkate wake, mishipa ya damu hubana, vidole vikawaka moto kwa ndani, vikawa vyeusi, vikaoza. Watawa waliwapa mkate safi na marhamu, na ilipobidi mguu ulikatwa. Wagonjwa hao ndio hasa waliochorewa altare ile.

Unajua mama yako nimesafisha vidonda miaka thelathini na moja. Sijawahi kukusimulia habari za mzee mmoja wa kisukari, aliyekuwa na vidole vitatu vyeusi. Kila padri alipopita wodini kuombea wagonjwa, mzee alivuta shuka akaufunika ule mguu. Siku moja nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Sista, mbele za Mungu mtu haendi na uvundo." Nilikuwa na bandeji mkononi, nikaendelea kufunga. Sikuwa na la kumwambia. Alifariki mguu wake ukiwa umefunikwa.

Sasa kumbuka miguu ya Bwana kwenye picha ile. Imevimba, imepiga ukijani, msumari mmoja umeipitia yote miwili. Vidole vya mikono vimekakamaa, vimetazama juu. Miiba imebaki imechomeka mwilini, na ngozi imetapakaa vidonda kuanzia kifuani mpaka mapajani. Kwenye simu nilidhani ni rangi iliyochakaa! Pale nilivitambua kimoja kimoja, kama ninavyotambua vidonda vya wodini. Hakuna aliyemfunikia shuka. Yohana Mbatizaji amesimama pembeni, amenyoosha kidole kirefu, anamwonyesha hivyo hivyo alivyo. Saa nzima niliimaliza kwenye miguu tu, mwanangu, maana nilikuwa natazama jibu ambalo mzee yule alilikosa kwangu.

Halafu nikazunguka nyuma. Nyuma ya ubao huo huo kuna ufufuko. Bwana yule yule ananyanyuka juu ya kaburi, uso umeyeyukia kwenye mwanga wa njano, ngozi safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Vidonda vyote vimekwisha isipokuwa vya misumari na ubavu, na hivyo ameviacha wazi, viganja amevielekeza kwetu.

Nikamtaja mzee yule kwa jina lake, polepole. Ndipo ukaja ukanishika bega, ukaniuliza kama nimechoka.

Mama yako