Samaki wa macho matatu na samaki wa macho mawili: yupi wa kuogopwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Musoma na nasimamia klabu ya mazingira ya shule. Juzi niliwaonyesha wanafunzi ile sehemu ya katuni ya The Simpsons ambamo mtoto Bart anavua samaki mwenye macho matatu karibu na kinu cha umeme wa nyuklia, halafu mwenye kinu, Bwana Burns, anagombea ugavana ili asilazimike kukikarabati. Walicheka sana, kisha yakaja maswali. Maji ya kinu cha nyuklia yanaweza kweli kumwotesha samaki jicho la tatu? Pili, katika tangazo la kampeni Burns anamleta mwigizaji aliyejifanya Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, aeleze kwamba jicho hilo ni hatua mbele kwa samaki. Kosa la hoja hiyo liko wapi hasa? La tatu ndilo lililonishinda. Kijana mmoja alisema, "Basi sangara wetu wako salama, mbona wote wana macho mawili." Nimjibu nini?

JIBU: Mwalimu, nitafika kwa huyo kijana, maana swali lake ndilo zito. Tuanze na jicho.

Sehemu hiyo ilirushwa Marekani Novemba 1, 1990. Ilikuwa imepita miaka minne na ushei tangu mlipuko wa kinu cha Chernobyl, na kumi na moja tangu ajali ya kinu cha Three Mile Island kule Pennsylvania. Mtazamaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa kwa nini kinu kinatisha. Kihandisi, hata hivyo, maji ya mto hayapiti kwenye moyo wa kinu. Maji yanayogusa fueli huzunguka ndani ya mabomba yake yenyewe. Yale ya mtoni huvutwa hadi kwenye kondensa ili kuupoza mvuke uliokwisha kuzungusha turbaini, kisha hurudishwa mtoni yakiwa na joto zaidi. Madhara yapo. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, mayai na vifaranga vya samaki hufyonzwa na pampu, na kinu kikizimwa ghafla wakati wa baridi kali, samaki waliozoea joto lile hufa. Kuna pia tritiamu kidogo, yaani haidrojeni yenye mionzi, inayoachiliwa kwa kibali. Katika yote hayo hakuna kinachootesha jicho.

Utaniambia kinu cha Burns hakikuwa kinu kizima, na ni kweli: wakaguzi wanakuta ufa kwenye mnara wa kupozea umezibwa kwa bigijii, fimbo ya plutoniamu inakandamizia karatasi mezani, na Homer, baba yake Bart aliyeajiriwa humo, amelala kazini. Haya, tuseme mionzi inavuja. Mionzi huvunja vinasaba ovyo, popote inapogonga. Kiinitete kilichopata dozi kubwa kwa kawaida hufa, au samaki huzaliwa na mgongo uliopinda au mapezi mabovu. Jicho zima, lenye lenzi na mboni yake, limekaa sawasawa katikati ya paji, ni kazi ya mpangilio, na uharibifu wa ovyo haujengi kitu kwa mpangilio.

Ukitaka kuchezea idadi ya macho, njia zipo, ila si hiyo. Mwaka 1907 Mmarekani Charles Stockard alieleza jinsi alivyolea mayai ya samaki wadogo wa pwani katika maji ya bahari yaliyoongezwa kloridi ya magnesi, wakatoka vifaranga wenye jicho moja katikati ya uso. Chumvi tu. Na mwaka 1978 Martha Constantine-Paton na Margaret Law wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha utafiti wao juu ya vyura wenye macho matatu. Walikata chipukizi la jicho kutoka kiinitete kimoja wakalipandikiza kwenye kingine, wapate kuona ubongo unavyogawana kazi kati ya macho. Wembe na mkono mtulivu, basi. (Wanafunzi wako watapenda pia kujua kwamba mijusi wengi wa jamii za agama na iguana wana kijicho cha tatu utosini, chenye kuhisi mwanga, na hakuna kiwanda kilichowapa.)

Huenda kuna atakayekuletea habari ya Argentina. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wavuvi wa jimbo la Córdoba wamemvua samaki mwenye macho matatu kwenye bwawa linalopokea maji ya moto ya kinu cha nyuklia, na picha ikazunguka dunia nzima pamoja na jina la Blinky, yule wa katuni. Samaki mmoja hathibitishi kitu. Vilema huzaliwa hata kwenye vijito visivyo na kiwanda jirani. Mkaguzi anachouliza ni wangapi katika kila elfu, hapa na kwenye maji mengine safi ya kulinganishia.

Sasa mlinganishe huyo na mwingine. Mei 2023, ndani ya bandari ya kinu kilichoharibika cha Fukushima Daiichi, Japani, alinaswa samaki ambaye vipimo vyake vilionyesha bekereli 18,000 (bekereli ni kipimo cha mionzi) za sesiamu yenye mionzi kwa kilo moja. Kikomo cha kisheria nchini humo ni 100. Kwa sura alikuwa samaki wa kawaida. Ungemkuta sokoni, ungemnunua.

Kuhusu tangazo la Darwin, mimi naliona ndiyo dhihaka kali kuliko zote katika sehemu ile, kwa sababu halidanganyi kila neno. Uteuzi wa asili upo. Lakini haumhusu samaki mmoja, unahusu kizazi kwa kizazi: sifa inayorithiwa, inayomwezesha mwenye nayo kuacha watoto wengi kuliko wenzake, mpaka idadi nzima ibadilike. Blinky ni mmoja, hatujui kama jicho lake linarithiwa, wala hatujaona linamsaidia nini. Mtaalamu wa kukodishwa hutumia kanuni ya kweli mahali isipohusika, na mpiga kura asiye na nafasi ya kumhoji anabaki ameduwaa.

Ila kuna jambo ambalo waandishi wa katuni hawakuweza kulijua mwaka 1990. Katika Mto Hudson, New York, viwanda vya General Electric vilimwaga kemikali ziitwazo PCB kwa takribani miaka thelathini, mpaka mwaka 1977. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo kwamba jamii ya samaki mdogo wa mto huo, aitwaye tomcod, imebadilika kweli. Karibu wote sasa wana upungufu mdogo kwenye jeni moja, unaofanya sumu ile isiwashike vizuri. Huo ni uteuzi wa asili kamili, uliosababishwa na kiwanda, ndani ya miongo michache. Burns angeshangilia. Lakini tazama maana yake kwa mlaji: samaki ambaye zamani angekufa na sumu yake, leo anaishi nayo mwilini, ananenepa, analiwa na mkubwa zaidi, na sumu inapanda ngazi. Samaki aliyeimarika amekuwa hatari zaidi kwa anayemla, na macho yake ni mawili.

Na hapo ndipo tunamfikia kijana wako. Mpeleke Minamata, kusini mwa Japani. Kiwanda cha Chisso kilianza kutengeneza asetaldehidi, kemikali ya viwandani, mwaka 1932 kwa kutumia zebaki, na majitaka yakaenda ghubani. Samaki wa ghuba walibadilika kidogo sana kwa macho ya mnunuzi. Paka waliowala ndio walianza kuyumba na kurukaruka kama wanaocheza ngoma, kisha watoto wa wavuvi. Ugonjwa uliripotiwa rasmi Mei 1, 1956. Zebaki ya methili, aina ya zebaki inayojilimbikiza mwilini, ilikuwa inakula mishipa ya fahamu, na wanawake wasioonekana kuumwa walizaa watoto walioathirika tangu tumboni.

Mwaka 1959 daktari wa kiwanda, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda chenyewe. Paka akaugua ugonjwa uleule. Matokeo yakafungiwa. Desemba mwaka huohuo kampuni ikazindua mtambo wa kusafishia maji, na kwenye sherehe rais wake, Kiichi Yoshioka, akanywa glasi ya maji yaliyosemwa kuwa yametoka kwenye mtambo huo. Mtambo haukutengenezwa kuondoa zebaki ya aina hiyo, wala majitaka ya asetaldehidi hayakuwa yakipitishwa humo. Uchafuzi uliendelea hadi 1968, ndipo serikali ikakiri rasmi chanzo. Waliotambuliwa kisheria kuwa wagonjwa wamepita 2,200.

Ukiiangalia katuni baada ya hapo, karamu ya Burns inabadilika sura. Mkesha wa uchaguzi anakwenda kula nyumbani kwa Homer mbele ya kamera, Marge, mke wa Homer, anamwandalia Blinky kwenye sahani, Burns anatafuna, anatema, na kampeni inakufa papo hapo. Inachekesha, na kisiasa inaridhisha mno. Kisayansi, kama Burns angejikaza akameza, pengine asingeumwa lolote, na angeshinda uchaguzi. Zebaki ya methili hujilimbikiza kwa wiki na miezi kabla mtu hajaanza kufa ganzi midomo na vidole. Kigogo anayekula au kunywa mbele ya waandishi hajapima chochote zaidi ya ujasiri wake. Waandishi wa katuni walihitaji jicho la tatu kwa sababu runinga lazima ionyeshe kitu. Sumu halisi haina wajibu huo.

Kwenu, Mwalimu, hakuna kinu cha umeme wa nyuklia, na Afrika Mashariki nzima bado hakuna. Zebaki ipo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mara na Geita wanaitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga uliosagwa na karasha, kisha wanaichoma. Mvuke unawaingia wao kwanza, na sehemu nyingine huishia kwenye udongo na maji. Kwenye matope yasiyo na oksijeni bakteria huigeuza kuwa ya methili, nayo hupanda kutoka vijidudu hadi dagaa, kutoka dagaa hadi sangara. Sato, anayekula zaidi mwani, hubaki chini. Habari njema ni kwamba vipimo vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa viko chini ya kikomo kinachotumika sana cha miligramu 0.5 kwa kilo, na sangara wakubwa ndio huwa juu kuliko wadogo. Kwa hiyo kijana asiache samaki. Mama mjamzito nyumbani kwao ale zaidi sato, dagaa na sangara wadogo, ampunguze yule mkubwa wa kilo nyingi.

Kama klabu inataka kupima yenyewe, msichukue chupa ya maji ya ziwa. Zebaki humo huwa kidogo mno na jibu litawapoteza. Chukueni mnofu wa mgongoni, kipande cha kila samaki kwenye mfuko wake safi, ukiwa kwenye barafu, na lebo yenye aina, urefu, uzito, tarehe na mahali alipovuliwa. Changanyeni wakubwa na wadogo wa aina moja, la sivyo hamtaweza kulinganisha. Ulizeni kwanza utaratibu na gharama katika ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, Mwanza, au maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, na mtaje wazi kwamba mnataka jumla ya zebaki kwa uzito wa mnofu mbichi. Maabara ikitoa jibu kwa uzito mkavu, namba itaonekana kubwa mara nne au tano, na mtaitia shule nzima hofu bure.