Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Kwanza ya Shabaha kwa Fedha Kidogo

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, na kwa sasa ninaishi Columbus, Ohio, nikiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Nimehudhuria mafunzo ya kulenga shabaha, nimeyapenda, na ninatamani kuingia katika mashindano ya bunduki ndogo ya .22, yaani yenye kipenyo cha mtutu cha karibu inchi 0.22. Fedha niliyotenga ni dola 700. Mwenzangu kazini ananishauri nijiundie bunduki nyumbani kwa kununua vipuri vya bei nafuu kimoja kimoja: kiwiliwili (sehemu kuu inayoshikilia nyingine zote), mtutu, kifyatuo na kitako. Je, kweli hiyo ndiyo njia ya kuokoa fedha, na nianze na kipuri kipi?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa mwenzako una nia njema, lakini kwa mtu anayeanza hauokoi fedha. Kiwanda kinachotengeneza bunduki kwa maelfu hupata mtutu, bolti (kipande kinachofunga chumba cha risasi) na kitako kwa gharama ambayo wewe huwezi kuipata dukani kwa kipande kimoja kimoja. Mfano ulio wazi ni Ruger 10/22, bunduki iliyotoka mwaka 1964 na ambayo vipuri vyake vimejaa madukani kuliko vya bunduki nyingine yoyote ya .22. Mtutu mmoja wa kulengea shabaha uliotengenezwa na kampuni nyingine kwa ajili yake unaweza kukugharimu sawa na bunduki nzima ikiwa mpya katika kasha lake. Wala usidhani kwamba kununua kwa vipande kunakuepusha na ukaguzi, kwa sababu kile kiwiliwili chenye namba ndicho ambacho sheria ya Marekani inakihesabu kuwa bunduki, nacho hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, kwa fomu ile ile na kwa uchunguzi ule ule wa kumbukumbu za mnunuzi.

Kuna sababu nyingine ninayoipa uzito zaidi ya bei. Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1887, huonekana kama kitu cha kuchezea, lakini kiwango cha juu cha mgandamizo kinachoruhusiwa ndani yake ni pauni 24,000 kwa inchi ya mraba, yaani zaidi ya mara mia saba ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Kinachouzuia mgandamizo huo usikurudie usoni ni ulinganifu wa bolti na chumba cha risasi, ambao hupimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita. Fataki ya risasi hii, yaani kiwashio chake, imo ndani ya ukingo mwembamba wa ganda, na ukingo huo usiposhikwa sawasawa, ganda linaweza kupasuka. Kiwanda kimekwisha kuufanya upimaji huo kwa vyombo ambavyo wewe na mimi hatuna. Ndiyo maana ninakusihi ununue bunduki kamili, uache mtutu, bolti na kifyatuo kama vilivyotoka kiwandani, na fedha yako ya vipuri uielekeze kwenye vitu vinavyofungwa juu yake au vinavyokaa kando yake. Uamuzi wa kweli wa mnunuzi umo huko, na tofauti ya alama ubaoni hutokea huko pia.

Kabla ya kutoa hata senti moja, soma kanuni za mashindano unayoyalenga. Wewe una bahati ya kukaa Ohio, kwa sababu Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, ndipo Mashindano ya Taifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1907. Taasisi ya Civilian Marksmanship Program, maarufu kwa herufi CMP, ina shindano liitwalo Rimfire Sporter ambalo liliwekwa kwa ajili ya watu wenye bunduki za kawaida na mifuko ya kawaida. Washindani hufyatua kwa umbali wa yadi 50 wakiwa wamelala na wakiwa wameketi au wamepiga goti, kisha yadi 25 wakiwa wamesimama. Kanuni zake zinasema bunduki isizidi uzito wa pauni 7.5, karibu kilo 3.4, na kifyatuo kisivutike kwa nguvu iliyo chini ya pauni 3. Katika daraja la wanaotumia darubini, ukuzaji hauruhusiwi kupita mara 6. Zitazame kanuni hizo kwa jicho la mtu mwenye dola 700. Mtutu mzito wa bei kubwa unaweza kukuvusha kwenye kikomo cha uzito. Kifyatuo chepesi, ambacho wauzaji hukisifu kuliko kitu kingine chochote, kitakufanya ukataliwe mezani pa ukaguzi, na darubini ya kukuza mara 24 itakuwa imekula fedha bure kwa kuwa hutaruhusiwa kuutumia ukuzaji wake. Kanuni zimekwisha kukuondolea vipuri vitatu vya gharama kubwa, nami naona zimefanya vizuri.

Sasa tugawe fedha yako. Bunduki ya bolti, ambayo hupakiwa kwa mkono kwa kila risasi, kama Savage Mark II, inayotengenezwa Lakefield, Ontario, Kanada, hupatikana kwa kiasi kisichopishana sana na dola 300, na Ruger American Rimfire huizidi kidogo. CZ 457 kutoka Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, ina mtutu ambao walengaji wengi huusifu kwa haki, lakini bei yake ingeimeza sehemu kubwa ya fedha yako na kukuacha bila risasi za kujifunzia. Shindano lina sehemu za kufyatua kwa haraka, na mwenye bunduki inayojipakia yenyewe, kama hiyo 10/22, hupata nafuu katika sehemu hizo. Hata hivyo, kwa mwaka wa kwanza napenda bolti, kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi kuikamilisha risasi moja kabla ya kuifikiria nyingine. Bunduki iliyotumika, ikinunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni na kukaguliwa na fundi wa bunduki, haina aibu yoyote. Mtutu wa .22 ukitunzwa huvumilia makumi ya maelfu ya risasi.

Darubini na pete zake zitengee kama dola 120. Wengi hukosea hapa kwa kununua darubini iliyokusudiwa bunduki kubwa za kuwindia. Kila darubini ya bei ya chini imewekwa kiwandani kwa umbali mmoja ambapo alama ya msalaba na shabaha hukaa pamoja bila kuhama pale jicho linaposogea. Katika darubini za bunduki kubwa umbali huo huwa yadi 100 au 150, na katika zile zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 huwa karibu yadi 50, ambao ndio umbali wako. Ukichukua isiyo yako, msalaba utakuwa ukitembea juu ya shabaha kila unaposogeza shavu, nawe utaulaumu mtutu usio na hatia. Chagua darubini ya namna hiyo yenye ukuzaji wa mara 4 au inayobadilika na kufika 6, na uhakikishe kwamba kila mlio wa kirungu chake cha kurekebishia husogeza pigo kwa kiasi kile kile. Kwa darubini nyingi, mlio mmoja ni robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya sitini ya digrii), na katika yadi 50 hiyo ni kama milimita 3. Pete nazo zilingane na reli ya bunduki: bunduki nyingi za .22 zina mfereji mwembamba wa karibu milimita 11, ambao haupokei pete za reli pana ya Picatinny. Nunua pete fupi ili darubini ishuke karibu na mtutu na shavu lako litulie juu ya kitako badala ya kuning'inia hewani.

Kipuri ninachokitetea kuliko vyote ni mkanda. Namaanisha mkanda wenye kitanzi kinachokaza juu ya mkono wa kushoto, au wa kulia kwa mwenye shoto, na kuifunga bunduki na mifupa ya mkono badala ya misuli. Ule wa turubai wa mtindo wa jeshi la Marekani hugharimu kama dola 20 hivi. Hakuna kitu kingine cha bei hiyo kitakachokupandishia alama ukiwa umelala au umeketi kwa kiasi hicho. Matumizi yake hufundishwa vizuri na wakufunzi wa kujitolea wa Project Appleseed, ambao huendesha mafunzo ya siku mbili kwa umbali wa mita 25 katika majimbo mengi, na wanafunzi wengi huja na .22. Ada ya mafunzo hayo itoe kwa moyo mweupe, hata ikibidi uahirishe darubini kwa mwezi mmoja.

Dola 150 au zaidi ziende kwenye risasi, na hapa naomba usome polepole. Usinunue kasha kubwa la risasi 500 siku ya kwanza. Nunua vikasha vya 50 vya aina nne au tano, ufyatue makundi ya risasi tano tano kwa yadi 50 ukiwa umeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na uache mtutu wenyewe ukuambie unapenda ipi, kwa kuwa mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti. Anza na zile za kasi ya wastani. Risasi ya gramu 2.6 inayotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 326 kwa sekunde, kama CCI Standard ya Lewiston, Idaho, iko chini ya kasi ya sauti tangu mwanzo hadi shabahani. Ile iliyoandikwa kuwa ya kasi kubwa hutoka kwa karibu mita 376, kisha hupunguzwa na hewa hadi kuvuka kasi ya sauti ikiwa njiani, na mtikisiko wa kuvuka huko hutawanya mapigo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ile ya kasi kubwa husukumwa na upepo zaidi, kwa sababu huipoteza kasi yake haraka zaidi. SK na Lapua za Schönebeck, Ujerumani, na Eley za Uingereza ni bora, lakini zile za juu kabisa ziache hadi alama zako zitakapozidai. Ukishaipata inayokufaa, nunua makasha yenye namba moja ya toleo.

Salio linatosha vifunika masikio, miwani ya kinga na kufuli. Kufuli ya kebo unaweza kuipata bila malipo katika vituo vingi vya polisi vinavyoshirikiana na mpango wa Project ChildSafe. Risasi zikae mahali pengine penye kufuli yake, na kama nyumbani kuna watoto au wageni wa mara kwa mara, kabati dogo la chuma linatangulia darubini.

SWALI: Ninasoma chuo kikuu Indiana kwa viza ya mwanafunzi. Je, rafiki yangu raia anaweza kuninunulia bunduki ya .22 kwa jina lake, nami nimrudishie fedha?
Mwanafunzi, Indiana

JIBU: Hapana, mwanangu, na usilijaribu. Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki au risasi na hata kuwa nazo mkononi. Ipo misamaha michache, kama ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, lakini msamaha huo uthibitishwe na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa chochote. Rafiki yako akitia sahihi fomu ya dukani akidai bunduki ni yake ilhali fedha ni yako, atakuwa ametenda kosa la jinai, na wewe unaweza kufukuzwa nchini. Uliza chuoni pako kama kuna timu ya bunduki ya upepo ya mita 10. Mchezo huo ni wa Olimpiki, alama ya 10 katika shabaha yake ni kitone cha nusu milimita, na vifaa mara nyingi ni vya klabu. Hata hivyo, mwanasheria akuthibitishie kwanza na hilo.

SWALI: Mimi ni fundi wa vyuma mkoani Tabora. Ninaweza kuunda bunduki ya kujifunzia shabaha kwa bomba na mbao za hapa kwetu. Nahitaji ushauri wa vifaa.
Fundi, Tabora

JIBU: Ndugu fundi, ustadi wako nauheshimu, lakini ushauri huo sitautoa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha bila leseni, na kwa majirani zetu wa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema vivyo hivyo. Bomba la maji halikutengenezwa libebe mlipuko. Gobole likipasuka huchukua vidole na macho ya yule aliyelishika, na aliyelishika mara nyingi ndiye aliyeliunda. Ukitaka shabaha, omba kujiunga na klabu iliyosajiliwa inayotumia silaha zenye kibali. Klabu za namna hiyo huhitaji fundi wa kutengeneza fremu za shabaha, stendi za chuma na vizuizi vya risasi, na kazi hiyo unaweza kuianza kihalali katika karakana yako wiki hii.