Maji ya ziwa, chumvi ya kijiko na kichocho: maswali ya wasomaji wa Kigoma

Maji ya ziwa hapa Kibirizi yanang'aa, ukiyateka unaona mpaka chini ya ndoo. Wazee wetu wameyanywa miaka yote. Tuchemshe kwa nini?

Kung'aa kwa maji kunakueleza habari ya tope tu. Vimelea vya kipindupindu ni vidogo mno, vikipangwa mia kadhaa kwa mstari ndipo vinafika milimita moja, kwa hiyo jicho halina ushahidi wa kutoa. La kuuliza ni kama kinyesi kimeingia majini, na penye mwalo wenye watu wengi na vyoo vichache, kinaingia. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kwenye ufuko mwembamba kati ya mlima na maji ya Ziwa Tanganyika. Vyoo havikutosha, kipindupindu kikalipuka. Ziwa ni hili hili.

Wala huhitaji kumaliza mkaa. Yakishatokota kwa mapovu makubwa yasiyotulia hata ukikoroga, hesabu dakika 1, epua. Mkaa ukikosekana, kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji yasiyo na tope: funika, subiri dakika 30. Maji ya mto baada ya mvua yaache yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, maana tope huila klorini kabla haijafikia vimelea.

Tunachemsha kila siku, na bado watoto wanaharisha.

Tazama kikombe. Mtoto ametoka kucheza, anafunua ndoo, anazamisha kikombe na vidole vyake vinne pamoja nacho. Hapo kazi yote ya jikoni imekwisha, kwa sababu maji yaliyochemshwa hayabaki na chochote cha kuua uchafu mpya. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi, na linatuuma kwa sababu mama ameshatumia mkaa wake.

Weka maji ya kunywa kwenye ndoo yenye koki au dumu lenye mdomo mwembamba, uyamimine. Kama mnatumia kata, iwe na mpini mrefu na ining'inizwe ukutani, isilazwe chini. Kila maji yakiisha pitisha kidole ndani ya dumu: ukigusa utelezi, tia maji ya sabuni na mchanga kiganja kimoja, tikisa kwa nguvu, suuza. Na usiongezee maji mabichi juu ya yaliyochemshwa ili tu yapoe haraka.

Vipimo vya maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha mtoto anayeharisha ni vipi?

Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari, ndiyo bora. Soma kama ni ya nusu lita au lita 1, maana zipo zote mbili. Ukiikosa: maji salama lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimefutwa juu kwa kisu. Hatari iko kwenye chumvi. Ikizidi, humwongezea mtoto kiu na inaweza kumletea degedege. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kupita machozi.

Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Mkubwa wake, hadi miaka 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea kijiko kimoja kimoja. Kunyonyesha kusisimame. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Zahanati itampa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Mmalizie hata kuhara kukikoma.

Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, ondokeni sasa hivi kwenda zahanati, na njiani aendelee kunyweshwa kama anaweza kumeza.

Watoto wanaogelea ziwani. Wakijifuta haraka watakwepa kichocho?

Msitegemee taulo, minyoo hupenya ngozi wakiwa bado majini. Hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya kingoni, hasa jua linapokuwa kali, kwa hiyo ghuba tulivu yenye majani saa sita mchana ndiyo mahali pabaya zaidi. Maji ya kuogea yakikaa siku 2 kwenye pipa lisilo na konokono, minyoo hao huwa wamekufa.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Huua minyoo waliokomaa, si wachanga, ndiyo maana aliyemeza dawa wiki moja baada ya kuogelea anaweza kuugua tena. Wala haimkingi na maambukizo mapya.

Chandarua kipya chenye dawa kinawasha.

Kitandaze kivulini saa 24 kabla ya kukitumia. Kikichafuka, kifue kwa sabuni ya kawaida na kikaushe kivulini, jua huharibu dawa. Kisifuliwe ziwani: dawa hiyo huua samaki. Maji yake yamwage chooni.

Sabuni hakuna. Majivu yanafaa?

Yanafaa, yakiwa makavu na safi: sugua mpaka kati ya vidole, suuza kwa maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi, yaani chombo kinachoning'inizwa na kuinamishwa ili maji yachirizike mikononi, cha dumu la lita 5 kinatosha, mradi kisimame mlangoni mwa choo.