Kabla hujaugusa ukuta wa chokaa: kwa vijana wanaoanza kazi za ujenzi mwambao

Mwaka wangu wa pili kazini niliua ukuta. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja Mji Mkongwe, Unguja, lipu ya nje imebanduka kwa chini hadi usawa wa kiuno. Nilikuwa nimetoka chuo karibuni, najua zege, najua nondo, najua kusoma ramani. Mwenye nyumba alitaka kazi iishe kabla ya Ramadhani. Nikaagiza saruji, vijana wakakwangua chokaa ya zamani, tukapiga lipu mpya, ukuta ukang'ara. Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili unyevu ukaibukia chumba cha juu, na tulipofungua dari tukakuta vichwa vya boriti, pale vinapoingia ukutani, vimeoza. Bisibisi ilizama kama kwenye papai bivu. Mzee mmoja fundi muashi, aliyeitwa kuja kuangalia, aliuzunguka ukuta kimya kisha akaniambia: "Mwanangu, umeuvika koti la mpira, halafu unashangaa unatoka jasho."

Tangu siku hiyo nikianza kazi yoyote ya mawe na chokaa, iwe ukarabati au nyumba mpya, swali langu la kwanza ni moja: maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi?

Ukuta wa kale wa pwani yetu ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakajengwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Haukujengwa kuzuia maji. Unayapokea kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha unayatoa taratibu jua likiwaka na upepo ukivuma, kwa sababu lipu ya chokaa ina vinyweleo. Saruji inaviziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, yakibeba chumvi, mpaka yakutane na mbao. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe: ukuta ukicheza kidogo, lipu inapasuka, na kila ufa unakuwa mlango wa mvua ambao maji yakishapita hayarudi.

Sasa chokaa yenyewe. Wengi mnaijua ile ya mfuko, na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini jifunzeni ya tanuru, hata mara moja, ili muelewe mnachoshika. Mawe ya matumbawe yanachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900, yanatoa hewa ukaa na kubaki chokaa mbichi. Hii ni kali. Ikikutana na maji inachemka na kuruka, kwa hiyo unaitia chokaa kwenye maji, humwagii chokaa maji, na macho unayafunika. Nimemwona saidia fundi akikimbizwa hospitali kwa sababu alidharau jambo hilo dogo.

Ikishazimwa, yaani ikishachemka kwenye maji na kutulia, inaachwa shimoni chini ya maji. Wiki kadhaa ni kidogo. Miezi ni bora. Hapo ndipo vijana huchoka nami, kwa sababu ratiba ya mkandarasi haina safu ya "kusubiri". Dawa yake ni moja: chokaa ya mradi ilowekwe siku mkataba unaposainiwa, si siku mnapomaliza kuta. Mchanga nao usiwe wa ufukweni. Ukilazimika kuutumia, uoshwe kwa maji yasiyo ya bahari mpaka chumvi iishe, maana chumvi hiyo itajitokeza baadaye kama unga mweupe ukutani na kuibandua kazi yako yote.

Wakati wa kupiga lipu, lowesha ukuta kwanza. Tabaka ziwe nyembamba, kila moja ipewe muda. Funika kwa magunia mabichi jua lisiikaushe haraka, kwa kuwa chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuvuta hewa ukaa ileile iliyotoka tanuruni, na inahitaji unyevu kidogo ili ifanye hivyo. Ukiona nyufa ndogo kama utando wa buibui, ujue uliharakisha. Kazi ya juu kabisa ya chokaa, ile niru ya Lamu, lipu laini ya chokaa inayozunguka vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ndani ya nyumba, sikushauri uijaribu peke yako. Tafuta aliyeshika mwiko na mzee wake, ukae umsaidie.

Kuhusu boriti nitasema kwa ufupi. Vyumba vya Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, na watu hudhani ni mtindo tu. Upana wa chumba ni urefu wa mti wa mkoko unaoweza kubeba sakafu bila kupinda, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Mteja akikuletea picha ya sebule ya mita sita na kutaka "boriti za kiasili" juu yake, mwambie ukweli mapema: ama chumba kipungue, ama boriti ziwe pambo chini ya kitu kingine kinachobeba. Mimi pambo silipendi, ila anayelipa ni yeye. Na vichwa vya boriti usivizibe kwa saruji. Vijengewe kwa chokaa.

Kuna jambo ambalo kwenye semina za ujenzi endelevu halisemwi vya kutosha. Cha asili si lazima kiwe rafiki wa mazingira. Tanuru la kienyeji, lile la kupanga magogo duara na kurundika mawe juu, linakula kuni nyingi mno. Mikoko ikikatwa ovyo, ufuko unaliwa na samaki wanakosa mazalio. Matumbawe laini ya baharini, ambayo wazee waliyachonga yakiwa bado mabichi kwa mihirabu na miimo ya milango, leo hatupaswi kuyagusa kabisa, miamba imeumia vya kutosha. Ni kweli kwamba saruji inachangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na ukiipunguza umefanya jambo. Lakini usiibadilishe saruji kwa msitu. Kwa miti, mvinje unaopandwa mashambani Kilifi na Kwale unafaa kazi nyingi ambazo zamani zilingoja mkoko.

Kwenye nyumba mpya, mchanganyiko ninaoutumia sasa ni huu. Msingi na lenta vya zege, sioni aibu, ila nondo zifunikwe vizuri kwa sababu hewa ya bahari inazila. Kuta za mawe ya matumbawe ya machimbo, au matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10 kulingana na udongo. Pima udongo kwanza: ule wenye mfinyanzi mwingi utapasuka. Lipu ya chokaa nje na ndani. Makuti ya viungo juu ya baraza tu, mbali na jiko, kwa sababu ya moto. Paa lichomoze sana, kwani ukuta wa udongo au chokaa usiopigwa na mvua moja kwa moja unadai matunzo machache.

Madirisha yapange kwa pepo za kusi na kaskazi. Ukuta mnene peke yake haupozi nyumba katika unyevu wetu. Lazima upepo upite. Halafu atakuja mtu afunge kiyoyozi, azibe kila tundu, na baada ya mwaka akupigie simu kwamba kuta zina ukungu. Nimepokea simu hizo. Ukikabidhi nyumba, kabidhi na karatasi moja inayosema kiyoyozi kifungwe chumba kipi na kipi kiachwe.

Mwisho, vibali. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, Lamu tangu 2001. Hapa Unguja, kabla hujabandua hata lipu, pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Usiione kama usumbufu. Wengine pale wamezijua nyumba hizi tangu hujazaliwa, na mara nyingi watakuonyesha bomba lililozibwa ambalo wewe ungelitafuta miezi.

Ukipewa jengo la kwanza, usianze kwa tepu. Subiri mvua kubwa, chukua mwamvuli, toka nje usimame nusu saa uangalie: maji ya paa yanamwagikia wapi, ukuta upi unalowa, upi unabaki mkavu, mtaro wa jirani unafurika upande gani. Kisha ingia ndani ushike kuta kwa kiganja, chumba kwa chumba, na uandike. Ule ukuta wangu wa kwanza, mwenye nyumba aliniambia baadaye kwamba bomba la paa la jirani lilikuwa likimwagikia pale pale kwa miaka tisa. Sikuwa nimemuuliza.