Kenchi za karakana: pima boma, usipime ramani

Boma langu la Kibaha lilikaa wazi miaka miwili. Nilipopata hela ya kupaua nilitaka kazi iishe haraka, nikaagiza kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilizoungwa tayari karakana, mbao za 2x4 zilizoshikwa kwa vibati vya meno badala ya misumari. Nikawapelekea ramani: upana mita 9. Wakatengeneza za mita 9.

Kumbe boma lilikuwa na mita 9 mbele tu. Nyuma lilizidi kwa sentimita 7, maana fundi wa kwanza alijenga kwa jicho na wa pili akamfuatisha. Kenchi tano za nyuma zikakosa pa kukaa vizuri. Fundi paa akachukua msumeno "azirekebishe", nikamshika mkono. Kenchi ya namna hii haikatwi. Kila kipande kina mzigo wake. Watu wa karakana walikuja, tukaongeza wolpleti ya pili (mbao ya kukalia kenchi) juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, upande wa ndani. Gharama yangu, bila shaka.

Hata hivyo ningeagiza tena. Siku mbili tu, kenchi zote zilikuwa zimesimama, mwinuko mmoja, bati likalala bila mawimbi. Jirani alikata mbao saiti wiki mbili, na vipande vingi vikaishia jikoni kwa mama ntilie.

Ila kama paa lako lina kona nyingi, kila kona inataka kenchi ya umbo lake na bei inapanda. Hapo tafuta fundi mzuri akuungie palepale. Tazama na njia: kenchi ya mita 9 haipiti kila uchochoro, na ikibebwa kwa ubapa inapinda, meno ya vibati yanalegea. Isafirishwe imesimama.

Kuhusu dawa ya kukinga mbao, usidanganyike na ukijani wa nje. Waambie wakukatie kipande cha mbao uone rangi imeingia kiasi gani. Nyingine zimepakwa tu, na mchwa wanalijua hilo kabla yako.

Vipimo vichukuliwe lenta ikishafungwa, mbele, katikati na nyuma, na apime mtu wa karakana mwenyewe, asaini. Ukitaka tangi la maji darini, sema siku hiyohiyo ili waongeze nguvu. Mimi la kwangu nililikumbuka kenchi zikiwa zimeshasimama, ndiyo maana liko nje kwenye mnara wa vyuma.