Kabla hujatafuta MC, tafuta mweka hazina

Niliendesha harambee ya kila Desemba, ya kuzilipia bima ya afya familia zisizojiweza, mtaani kwetu Pasua, hapa Moshi, tangu nilipomaliza kidato cha sita hadi nilipooa. Siku hizi vijana wanaotaka kuanzisha ya kwao hunipigia simu, na wengi huanza kwa kuniuliza wamchukue MC gani. Mimi nawauliza hela atashika nani.

Kijana akisema anachangisha, mtu mzima humwangalia viatu kwanza, na ana haki. Huu ni mji wa ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa 1933, na nyumba nyingi zina babu aliyewahi kupima kahawa kwenye chama cha msingi cha kijijini, kwa hiyo watu wanajua stakabadhi ni nini. Sisi tulimwomba mzee mmoja, karani mstaafu, atushikie daftari. Mbahili yule! Kikaoni alisoma matumizi mstari kwa mstari, akifika kwenye maji anavua miwani: "Katoni mbili, walikunywa akina nani?" Vijana walikereka. Lakini jina lake lilipoanza kuonekana chini ya barua zetu, mangi wa dukani aliyekuwa anatufukuza alianza kutupa viti.

Tarehe nayo ina hesabu zake. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, "kuhesabiwa" kama tunavyotaniwa, mabasi ya kutoka Dar yanajaa, na tangu 2019 kuna na treni. Usidanganyike kwamba mifuko iko wazi, maana mwezi huohuo kuna kipaimara, kuna harusi, kuna mchango wa ukoo. Tarehe 26 watu wako kwenye pombe ya mbege na supu ya kisusio, hawasikii. Januari ikiingia ni ada na sare, utaambiwa "nikumbushe mwisho wa mwezi". Sisi tuliweka yetu kati ya tarehe 27 na 30, na walioko Dar tuliwaambia tangu Oktoba, kabla kamati za harusi hazijawafikia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyenieleza wakati naanza. Tulikuwa tunazilipia familia hizo CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii. Wakati huo kaya ya watu 6 ililipiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, ikatibiwa zahanati, kituo cha afya, na kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, Mawenzi. Kiwango hicho kilitusaidia sana, kwa sababu mtu akitoa 30,000 anajua ameibeba kaya nzima, na mama muuza ndizi akitoa 5,000 anajua amembeba mtu mmoja. Ukimwambia mtu "changia afya", atakupa noti iliyo juu juu mfukoni.

Ila bima huisha baada ya miezi 12. Familia uliyoiandikisha mwaka huu, mwakani inakusubiri wewe. Mwaka wa kwanza watu huchangia kwa sababu jambo ni jipya, baadaye wanaanza kukuuliza, "Ni walewale tena?" Ndiyo, ni walewale, kisukari cha bibi hakijaisha. Kwa hiyo tulikubaliana hela ikiingia inawalipia kwanza wa zamani, inayobaki ndiyo inaongeza kaya mpya. Kuna mwaka hatukuongeza hata moja, na waliotaka kutangaza idadi kubwa walinuna. Kama unachagua kitu cha kuchangia kila mwaka, jiulize kitatokea nini mwaka utakaoshindwa. Madawati yakishanunuliwa yamenunuliwa. Bima ni deni.

Mnada wa jogoo uweke, unachangamsha. Mtu ananunua kwa laki, anamrudisha, anauzwa tena hadi jogoo mwenyewe anachoka. Lakini ahadi za kwenye kipaza sauti zina ugonjwa wake. Mtu akitaja kiasi mbele ya shemeji zake, binti mwenye simu na lipa namba awe ameshasimama pembeni yake akitabasamu. Mkiachana pale bila muamala, hesabuni kwamba hajaahidi.

Picha za wanaosaidiwa wakipokea kadi, achaneni nazo. Wafadhili wawili watatu walizitaka, tukawapa mrejesho wa karatasi moja badala yake: zilizoingia, zilizotoka, kaya ngapi, zimebaki ngapi. Nakala nyingine tulibandika ofisi ya serikali ya mtaa, bila jina la familia yoyote. Ibandikwe kabla Januari haijaisha, waliokuja kuhesabiwa wakiwa bado wanakumbuka walitoa ngapi.

Na mwanzilishi apange siku ya kutoka na kuwaachia wengine. Benki haibadilishi watia sahihi wa akaunti ya harambee kwa maneno. Wanataka muhtasari wa kikao uliosainiwa, picha, na vitambulisho vya taifa (NIDA) vya wanaoingia. Anzeni mwezi wa nane, maana kuna mmoja lazima atakuwa kitambulisho chake hakijatoka.